Maji ya Januari

Upande wa magharibi wa Mlima Kenya, msimu mzuri wa kuvua trauti ulikuwa kile kiangazi kinachoanza mvua fupi zikiisha na kukoma mvua ndefu zikikaribia: Januari, Februari, na siku za mwanzo za Machi. Usiku anga lilikuwa wazi. Alfajiri mlima ulionekana wote hadi kwenye vilele vya Batian na Nelion, na mto Naro Moru uliteremka maji yake yakiwa maangavu, hata kokoto za chini zilionekana moja moja pale kina kilipofika kiunoni. Na maji yalikuwa baridi. Ukiingia miguu mitupu, maumivu yalianzia kwenye vifundo, yakapanda hadi magotini, kisha ganzi ikatawala. Sisi watoto tuliyachota kwa madebe kabla ya kwenda shule, na hakuna aliyetuambia kwamba baridi ile ilikuwa mali.

Babu alijua, kwa sababu baridi hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alikuwa skauti wa samaki, jina walilopewa Waafrika walioajiriwa na serikali ya kikoloni kulinda mito ya trauti. Uhuru ulipokuja aliendelea na kazi ile ile chini ya Idara ya Uvuvi. Alitembea kando ya mto akitazama leseni za wavuvi, aking'oa mitego, na kuandika daftarini jinsi maji yalivyopanda au kushuka kwenye mwamba alioutia alama ya rangi. Wakati wa likizo nilimfuata nikimbebea mfuko. Alipopata nafasi, kazi ikiwa imekwisha na wageni wameondoka, alivua mwenyewe.

Kabla ya kufungua mshipi aliinama, akatoa jiwe mtoni na kuligeuza. Upande wa chini kulikuwa na wadudu wachanga, bapa, wenye mikia mitatu myembamba, waking'ang'ania ili wasichukuliwe na mkondo. Wengine walikuwa wamejijengea vijumba vya mchanga na kujifungia humo. Hao ndio chakula cha trauti. Yule mwenye mikia mitatu huishi majini muda mrefu, kisha siku moja hupanda juu, huvua ngozi na kuruka. Akishapata mabawa hali tena, na uhai wake uliobaki ni wa saa chache au siku chache. Babu aliwatazama kwa makini, ukubwa na rangi, akalirudisha jiwe jinsi lilivyokuwa limelala, ndipo akafungua kikopo chake cha nzi.

Nzi hao ni wa bandia: ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na uzi ili ifanane na mdudu. Uzito wake ni kama haupo, kwa hiyo nzi mwenyewe harushiki. Kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na mzito, na wenyewe ndio unaombeba nzi. Fimbo huupeleka nyuma, mvuvi hungoja unyooke wote hewani, ndipo huuleta mbele. Ule mngojeo wa nyuma, ambao hauonekani na ni wa kuhisi mkononi tu, ndio uliowashinda wageni wengi. Walikuwa na haraka ya kuona nzi akitua.

Samaki naye hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, maana chakula humjia na mkondo. Basi humwendea kutoka chini, nyuma yake, umeinama, kivuli chako kikianguka nchi kavu. Nzi atue juu yake kidogo, kisha aelee kwa mwendo ule ule wa maji. Mshipi ukimvuta hata kwa kiasi cha upana wa kidole, nzi hukwaruza uso wa maji, na trauti humwacha apite. Hapo ndipo palipokuwa na elimu yote ya babu. Aliutazama mkondo muda mrefu kabla ya kurusha: wapi maji yanakwenda kasi, wapi yanajikunja nyuma ya jiwe, wapi povu linakusanyika, kwa kuwa panapokusanyika povu hukusanyika na wadudu. "Usimpeleke wewe," aliniambia. "Mwache mto umpeleke."

Kulikuwa na dimbwi moja chini ya mzizi wa mwerezi ambapo mto ulipinda. Maji yaliingia kwa kelele na kutoka kimya, na katikati yake palikuwa na mstari mwembamba, usiozidi mkono kwa upana, ambapo kila kitu kilichoelea kilipita. Samaki mkubwa wa dimbwi alikaa chini ya mstari huo, na alipoondolewa, mwingine alishika nafasi yake baada ya siku chache. Nzi alipofika pale, uso wa maji ulivimba kidogo tu, na nzi akawa hayupo. Babu aliinua fimbo bila pupa. Trauti wa upinde wa mvua akitoka majini ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni na madoa meusi hadi mkiani. Ilitubidi tuloweshe mikono kabla ya kumshika, kwa sababu mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na maradhi, na wale wadogo wote walirudishwa. Babu aliwashikilia kwenye mkondo, kichwa kikielekea juu, mpaka walipojiondokea kwa nguvu zao.

Wakubwa tuliwala sisi wawili, mtoni, juu ya makaa. Wakikuyu wa zamani hawakula samaki, na bibi alimhesabu samaki katika jamaa ya nyoka. Hakuruhusu sufuria yake iguswe na kitu kile, na tuliporudi nyumbani tulinawa mikono kwa majivu kabla ya kuruhusiwa kuingia jikoni.

Samaki huyu aliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyejipatia sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskochi. Yalikuja kwa meli hadi Mombasa, yakapanda reli, kisha wapagazi wakayabeba hadi mto Gura katika milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye kutoka Afrika Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1940 kituo cha kutotoa mayai kikafunguliwa Kiganjo, karibu na Nyeri. Grogan huyo huyo, mwaka 1907, aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani mbele ya jengo la mahakama Nairobi. Siwezi kuandika kuhusu trauti bila kuliandika hilo. Kwa miaka mingi leseni ya kuvua ilikuwa kitu cha Mzungu, na Mwafrika aliingia mtoni kama mlinzi au mbeba mizigo. Babu aliyajua hayo kuliko mimi, naye aliupenda mto. Sikuona mambo hayo mawili yakigombana ndani yake.

Walioleta samaki walileta na kalenda yao. Mlowezi mmoja aliyeuza shamba na kurudi kwao alimwachia babu vitabu vya uvuvi, na mimi nilipojua Kiingereza cha kutosha nilimsomea jioni. Vilipangwa kwa miezi, na kila kimoja kilianza na Machi. Uskochi msimu wa trauti hufunguliwa tarehe 15 Machi. Theluji inayeyuka, miti bado haina majani, mto ni wa baridi kali, na samaki amekonda baada ya miezi ya kula kidogo. Kisha mchana, jua linapoyapasha maji kidogo, wadudu huibuka kwa wingi kwa muda mfupi, na trauti walioonekana kama hawapo huanza kupanda juu kila mahali. Mvuvi husafiri mbali na kusimama kwenye upepo asubuhi nzima kwa ajili ya muda huo. Babu alinisimamisha niisome tena sehemu hiyo. Alitaka kujua maji yao yalikuwa baridi kiasi gani, kama yetu au zaidi.

Kwetu, 15 Machi ni tarehe ya kutazama mawingu. Mvua ndefu zikishaanza, mto hubadilika rangi kwa udongo, na samaki hawezi kumwona nzi. Mito ya Uskochi ilipofunguka, wetu ulifungika. Hata hivyo kikopo cha babu kilijaa nzi wa Machi: March Brown, na Greenwell's Glory iliyobuniwa mwaka 1854 kwa ajili ya mto Tweed. Alizitumia Januari, na trauti wa Naro Moru walizila. Alisema mdudu wetu mmoja mdogo wa kijani kibichi chenye kahawia alikuwa na umbo lile lile la Greenwell's Glory, na kwamba aliyeifunga nzi hiyo alikuwa amegeuza mawe kwao.

Miezi hiyo ya ugenini ilikuja kuingia nyumbani kwetu kwa njia ambayo babu hakuitarajia. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga nzi bandia kwa wingi kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani, na wengi wa wafungaji ni wanawake. Dadangu alipomaliza shule alipata kazi hiyo katika karakana moja Nairobi. Ndoana hubanwa kwenye jiliwa dogo mezani. Uzi hukazwa kuanzia nyuma ya jicho la ndoana. Mkia unatakiwa uwe na urefu wa shina la ndoana, na unyoya wa jogoo unaozungushwa shingoni uwe mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana. Ukizidi, nzi hulala ubavu juu ya maji, ukipungua, huzama. Namba ya ndoana ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo, na kuna namba ambazo nzi mzima hukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo. Malipo ni kwa dazeni. Mkaguzi akiona uzi umefunika jicho, hurudisha.

Ile miezi ya kabla ya Machi ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi, kwa kuwa maduka ya kaskazini yalikuwa yakijaza masanduku. Mikononi mwake zilipita Adams, iliyobuniwa Michigan mwaka 1922, na Hendrickson kwa mito ya New York na Pennsylvania, ambako mdudu mwenyewe huibuka Aprili maji yakikaribia nyuzi 10 za Selsiasi. Dadangu hajawahi kuiona theluji isipokuwa ile ya mlimani kwetu, tena kwa mbali. Lakini alimjua mdudu wa Aprili wa Pennsylvania kwa ncha za vidole, rangi ya tumbo lake, mwinamo wa bawa lake. Sijui kazi nyingine ya mikono ya nchi hii iliyo makini kiasi hicho na isiyotajwa kiasi hicho. Alimletea babu nzi zake za kwanza zilizokataliwa kwa kosa dogo la rangi. Babu aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akazipanga upya, akasema, "Hii itaelea. Hii itaelea. Hii pia."

Leo, Januari ikifika, dimbwi la mwerezi halipo. Mzizi upo, umening'inia hewani, na chini yake kuna changarawe kavu na maji ya kufika kifundoni. Mbele zaidi, chini ya mji wa Naro Moru, kuna Februari ambazo mto wenyewe hukatika, yanabaki madimbwi yaliyotengana, na ng'ombe wamesimama ndani yake. Naro Moru humwaga maji yake katika mto Ewaso Ng'iro, na huko chini, Archer's Post, vipimo vya Februari vinaeleza habari hii kwa ukali kuliko ninavyoweza: katika miaka ya 1960 mto ulipitisha wastani wa kama mita za ujazo 9 kwa sekunde, na katika miaka ya 1990 kama 1 tu. Wafugaji wa chini walipata habari kabla ya kusoma takwimu yoyote.

Watu wengi huitaja barafu kwanza, kwa sababu barafu inaonekana. Ni kweli kwamba inaisha. Barafu ya Lewis, juu ya bonde la Teleki ambako Naro Moru unaanzia, ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010, na hilo linaniuma kila ninapouinulia mlima macho. Lakini barafu ile haikuwahi kuwa chanzo kikubwa cha maji ya kiangazi. Maji ya Januari yalitunzwa na nyika yenye majimaji iliyo juu ya msitu, pamoja na msitu wenyewe, vikinywa mvua na kuitoa polepole miezi mvua inapokoma. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 1999 ulionyesha jinsi msitu huo ulivyokuwa umekatwa, kuchomwa makaa na kulimwa bangi ndani yake, na mwaka uliofuata ukawekwa chini ya Shirika la Wanyamapori. Umeanza kupona. Lakini maji yanayotoka msituni sasa hayafiki mbali kwa sababu ya mabomba.

Mashamba makubwa ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru, na ilikuwa haki yagawanywe. Nyumba zikaongezeka, kila nyumba ikahitaji maji, mifereji ikachimbwa, kisha pampu, kisha mabomba ya plastiki yasiyoonekana kwenye nyasi. Halafu zikaja nyumba za plastiki za maua na mashamba ya mboga za kusafirishwa. Tunalima waridi, njegere changa na mishiri wakati Ulaya ardhi imelala kwa baridi, kwa kuwa ndio wakati wa bei nzuri. Waridi la tarehe 14 Februari, na lile la Siku ya Mama ya Waingereza inayoangukia Machi au mwanzo wa Aprili, hunyweshwa katika majuma yale yale ambayo babu alivaa koti na kushuka mtoni. Ninawaza kuhusu mvuvi wa Uskochi anayesimama mtoni siku ya kufungua msimu, maji yamejaa kingo hadi kingo. Nzi mkononi mwake huenda alifungwa na mwanamke aliyekulia kwenye mto wetu, na mishiri katika chakula chake cha jioni huenda ilikunywa mto huo. Hana kosa lolote. Mpwa wangu anafanya kazi kwenye shamba la maua na mshahara wake unasomesha watoto. Shamba analofanyia kazi limechimba bwawa la kuhifadhi maji ya mvua, wakati majirani zangu wengi, wenye robo ekari ya kabichi, huvuta maji usiku bila kibali. Sina mtu mmoja wa kumwelekezea kidole, na hilo huifanya huzuni iwe nzito zaidi.

Trauti aliondoka mapema kuliko maji. Maji yakipungua hupata joto, na yakipata joto hubeba hewa kidogo. Samaki huyu hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 16. Zikipita 20 huacha kula na huhema kwa shida. Kwa hiyo miaka ambayo watu walikuwa bado wanasema mto upo, kwa kuwa waliusikia ukipita, samaki alikuwa ameshajua vingine. Daftari za babu zinaonyesha hivyo. Mstari wa maji unashuka kidogo kidogo, lakini safu ya samaki inaishia ghafla.

Juu, ndani ya msitu, kupita lango la hifadhi, bado wapo. Ni wadogo, weusi kidogo, wepesi mno, na maji yanauma kama zamani. Nilipanda huko kwa kibali na mlinzi mwenye bunduki, kwa ajili ya nyati, nikarusha moja ya nzi za dadangu, na mto ukampeleka. Na huku chini trauti hawajapotea mezani. Wanafugwa kwenye mabwawa Burguret na Timau, na wageni wa Nanyuki huwala kwa furaha. Ni kazi njema na ninaiheshimu. Ila nilisimama kwenye ukingo wa bwawa moja na samaki wote wakakimbilia upande wangu, kwa kuwa wamejifunza kwamba sauti ya nyayo ni chakula. Mtoni, kwa sauti hiyo hiyo, dimbwi zima lingekuwa tupu kabla sijalifikia.

Tangu Sheria ya Maji ya 2002, mito yetu ina vyama vya watumia maji, na mimi huhudhuria mikutano ya cha kwetu. Hapo ndipo tunapogawana zamu wakati wa kiangazi, nani afunge bomba siku gani. Sheria ile ilitaka pia sehemu ya maji ibaki mtoni, isiguswe na yeyote, kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa viumbe wanaoishi humo. Katika mkutano wa mwisho nilisimama kusema kwamba sehemu hiyo inaliwa kila Januari. Kijana mmoja mkulima, mwenye adabu, aliniuliza, "Mzee wangu, samaki mwenyewe si aliletwa na wakoloni? Tumwachie maji, watoto wetu wakale nini?"

Nilimjibu kwamba simwombei samaki. Nilimweleza kuhusu wale wadudu wenye mikia mitatu, ambao hawakuletwa na mtu yeyote, na kwamba nimegeuza mawe chini ya daraja na sikuwaona. Nikamweleza kwamba bomba lake liko chini ya mabomba mengine mengi, hivyo maji yanayoachwa mtoni ndiyo pekee yatakayomfikia. Alikaa kimya kidogo, akauliza mabomba ya juu yake ni mangapi. Mwenyekiti hakuwa na idadi kamili. Tulikubaliana, kabla zamu za kiangazi hazijaanza, tutembee kwa miguu tangu lango la msitu hadi barabara kuu, kingo zote mbili, tukihesabu kila bomba, lenye kibali na lisilo nacho. Kijana aliomba awe mwandishi. Nitampa daftari za babu aanze nazo.